Ufuatiliaji wa asili ya bidhaa ni nini?

Mnunuzi wa Ujerumani anayeagiza miiko mia mbili ya mwarobaini kutoka Malindi zamani alikuwa na maswali mawili: bei gani, na mzigo utafika lini. Siku hizi ana la tatu: mti ulikatwa wapi? Uwezo wa kumjibu kwa ushahidi, si kwa kiapo, ndio unaoitwa ufuatiliaji wa asili ya bidhaa. Ni kuushika mwiko uliokwisha kusuguliwa na kupakwa mafuta, ukarudi nao nyuma mkono kwa mkono hadi kwenye kisiki.

Swali lenyewe lina historia hapa hapa pwani. Wachongaji walipenda muhugu na mpingo, na muhugu hukua polepole mno. Mwingi ulitoka Arabuko-Sokoke, msitu ulio jirani kabisa na Malindi. Ulipoadimika, wengi wakageukia mwarobaini, ambao hukua haraka na umejaa mashambani na nyuani mwa watu. Ila kinyago kikishachongwa na kupakwa rangi ya viatu (ndiyo, ya viatu, na kazi hutoka safi), mgeni aliye Hamburg atajuaje kama ndani ni mwarobaini au muhugu wa wizi?

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayoligusa jambo hili. Mbao na vitu vya mbao, vikiwemo vinyago na vyombo vya jikoni, viwe vimetoka kwenye mti uliokatwa kihalali, mahali ambapo msitu haukufyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini matakwa yake yanajulikana: jina la mti, la kawaida na la kisayansi, pamoja na mahali ulipokatwa kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuonyeshwa kwa nukta moja. Kisheria anayewajibika ni mwagizaji wa Ulaya. Kwa vitendo, yeye humgeukia mchongaji.

Hapo ndipo simu inapoingia, na ndipo watu wanapokosea. Wengi wakisikia ufuatiliaji hufikiria ile alama ya mraba ya vidoti vyeusi inayosomwa kwa kamera. Alama ile ni mlango tu. Ukiskani, unafunguliwa kile alichoandika mtu wa kwanza. Akidanganya yeye, uongo wake utasafiri salama hadi Ulaya. Kazi ya kweli hufanyika kwenye kisiki: picha iliyopigwa kwa simu iliyowashwa huduma ya kuonyesha mahali (GPS), tarehe, jina la mwenye shamba, idadi ya magogo na vipimo vyake, pamoja na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Tahadhari moja: picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za mahali hufutika. Itume kama faili, au nakili zile namba daftarini. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hata daftari la karatasi linafaa, mradi lijazwe siku ile ile.

Mnyororo hukatikia karakanani. Magogo ya mashamba matatu yakishatupwa chini ya mwembe mmoja, hakuna tena wa kusema mwiko huu umetoka kwa nani. Dawa yake ni rahisi, ingawa inachosha: kila gogo lipakwe alama ya rangi, marundo yatengwe, na kila oda ichongwe kutoka rundo linalojulikana. Mnunuzi makini pia hupiga hesabu. Gogo moja lina mwisho wake; daftari likionyesha magogo matano yaliyoingia na mabakuli ya magogo tisa yaliyotoka, kuna manne yaliyoingilia dirishani.

Tusichanganye ufuatiliaji na uhalali wa bidhaa. Ufuatiliaji unasema mti umetoka wapi. Hausemi kama kukatwa kwake kulikuwa kwa haki. Gogo la wizi linaweza kufuatiliwa vizuri sana hadi msituni lilikoibwa. Kuamua kama mahali pale panafaa ni kazi ya sheria, au ya cheti kinachotolewa na wakaguzi wa nje, na cheti hicho kina gharama ambayo mchongaji mmoja haiwezi. Ndiyo maana wachongaji hukipata kwa urahisi zaidi wakiwa ndani ya ushirika.

Na gharama ya daftari? Kupanda bodaboda hadi shambani, kupiga picha, kutenga marundo: hiyo ni kazi, na mimi sioni kwa nini mchongaji aifanye bure kwa ajili ya sheria ya watu wengine. Muulize mnunuzi anataka taarifa zipi kabla hamjapatana bei, kisha muda huo uuingize kwenye bei ya mwiko.