Mungu mdogo ni nani? Mfano wa Bes wa Misri

Tukisema "mungu mdogo" katika habari za dini za kale, udogo huo haupimi nguvu zake, unapima eneo lake. Mungu mkubwa ana hekalu, makuhani na mashamba, na mfalme mwenyewe humpelekea sadaka. Mdogo amepewa mahali pamoja au shida moja tu: kizingiti, kisima, homa. Warumi walikuwa na Lares wa kulinda nyumba. Watu wa Skandinavia walisimulia juu ya vibeti wahunzi walioifua nyundo ya Thor, mungu wa radi, na vibeti wengine wanne wanaoshikilia mbingu kila pembe. Kazi nzito hiyo, lakini wanabaki kuhesabiwa wadogo.

Mimi nikiulizwa maana ya dhana hii humtaja Bes.

Bes ni kibeti mwenye matege, kitambi, masikio na manyoya ya simba, ulimi nje, na kichwani manyoya marefu ya ndege. Wachoraji wa Misri walizoea kuchora uso kwa upande. Bes anakukodolea macho moja kwa moja. Ndiyo kazi yake, kutisha. Mkononi ana kisu, au dufu, kwa sababu kelele na ngoma nazo hufukuza pepo wabaya. Nyoka, nge na viumbe vya usiku havikupaswa kumpita na kumfikia mzazi au kichanga. Kwa hiyo alichongwa kwenye vitanda na kwenye viegemeo vya kichwa, maana usingizini ndipo mtu hana ulinzi.

Katika uzazi vibeti walikuwa na heshima ya pekee. Yapo maandishi ya mafunjo yenye maneno ya kusomewa mwanamke aliyeshikwa na uchungu mgumu: kibeti wa udongo anawekwa juu ya kichwa chake, kisha kondo la nyuma linaamrishwa lishuke, mara nne. Mkunga hakuwa na haja ya hekalu wala kuhani mkuu. Alihitaji konzi ya udongo.

Heshima hiyo haikuishia kwa vibeti wa udongo. Zaidi ya miaka 4,200 iliyopita, Farao Pepi wa Pili, akiwa bado mtoto, alimwandikia msafiri wake Harkhuf aliyekuwa akirudi kutoka kusini na mbilikimo mcheza ngoma za mungu. Mlete hima, anasema, weka watu wa kuaminika wamzunguke chomboni asije akatumbukia majini, na usiku wamkague mara kumi. Harkhuf alijivunia barua hiyo hata ikachongwa kwenye kaburi lake, Aswan. Ukiisoma unasikia mtoto asiyeweza kusubiri zawadi.

Kipimo kizuri cha mungu mdogo ni kumtazama pale mkubwa anapoanguka. Katika karne ya 14 KK Farao Akhenaten aliamua kwamba wa kuabudiwa ni Aten, jua, akaamuru jina la Amun, mungu mkuu wa dola hadi hapo, lifutwe kwenye kuta. Lakini wachimbaji wa mji wake mpya, Amarna, wamekuta hirizi za Bes, na katika kijiji cha mafundi michoro yake ukutani. Mfalme alibadilisha dini ya dola. Nyuma ya mlango wa fundi, mke alikuwa bado na mimba na nge bado wapo.

Baadaye sana, enzi za Warumi, Bes alipanda cheo. Huko Abydos, mji mtakatifu wa Misri, watu walimwuliza mambo yajayo, wengine kwa kuacha maswali yao yameandikwa. Mwaka 359 BK baadhi ya karatasi hizo zilimfikia Kaisari Konstantio wa Pili, naye akaogopa: anayeuliza habari za kesho huenda anauliza mfalme atakufa lini. Kesi zikafunguliwa Scythopolis, Palestina, watu wakateswa na kuuawa. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus anasema hata aliyevaa shingoni hirizi ya kuzuia homa aliweza kushtakiwa na kuhukumiwa kifo.