Daftari la Mchango Likihamia WhatsApp

Malalamiko tunayopokea siku hizi katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kutoka Kisumu na viunga vyake yanafanana. Mtu amechangia matanga, jina lake, nambari ya simu na kiasi alichotoa vikabandikwa kwenye kundi lenye mamia ya watu, na hata mazishi hayajafika matapeli wameshampigia.

Zamani kamati ilikaa nyumbani kwa marehemu jioni, katibu akaandika mchango kwenye daftari, na daftari likalala kwa mweka hazina. Aliyetaka kujua nani katoa nini ilibidi aje, akae, aulize mbele ya watu. Sasa jamaa wa Ahero na wa Nairobi wanahudhuria kwa simu, na hilo ni jema. Lakini orodha hubandikwa upya kila mchango unapoingia, ikasafiri kundi hadi kundi. Wengine hutuma picha ya ujumbe wa M-Pesa pamoja na salio lao, ili tu waonekane wametoa. (Ukijianika mwenyewe hivyo, sisi tutakusaidiaje?) Jina na kiasi vinatosha. Nambari ya kitambulisho haina kazi yoyote matangani.

Tunaambiwa kila mara na wanaobandika picha za watu kundini: "Picha niliipiga mimi, ni yangu." Sivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda aliye ndani ya picha, si aliyeshika simu. Wala kunyamaza si kukubali. Kwa mtoto, idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Mambo ya kifamilia tu hayaguswi na sheria hii. Chama, kanisa au kamati inayochangisha umma huenda ikaguswa. Kila lalamiko huangaliwa kivyake, na makala haya si uamuzi.

Lalamiko hupokelewa kwa mdomo au kwa maandishi; la mdomo huandikwa na afisa. Njoo na picha ya skrini inayoonyesha tarehe, jina la kundi na nambari ya aliyebandika. Uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90. Aliyekosea anaweza kupewa notisi ya utekelezaji, yaani amri ya kurekebisha kosa, yenye muda usiopungua siku 21 wa kurekebisha. Akiipuuza bila sababu ya msingi ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kando na hiyo ipo adhabu ya kiutawala ya hadi shilingi milioni 5, au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ipi iliyo ndogo. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Hatudai madeni ya chama. Hatumrudishi kundini aliyeondolewa na msimamizi. Na aliyetuma mchango kwa nambari isiyo yenyewe asipoteze nauli kuja kwetu: auelekeze ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla mpokeaji hajazitoa pesa hizo.