Uvimbe uko kwenye ini, mbona mnakagua nyayo?

Siku za karibuni hapa kliniki tumepokea malalamiko ya ndugu wa wagonjwa wanaotoka Bahi, Chamwino na Kongwa. Mgonjwa kaletwa kwa uvimbe wa ini, daktari anamwambia avue viatu. Ndugu wanaona tunawapotezea muda, ila uchunguzi huo ni wa lazima tukishuku melanoma.

Melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza melanini, ile rangi ya ngozi. Ikikutwa kwenye ini, karibu kila mara imetoka kwingine: unyayoni, chini ya kucha, jichoni, mdomoni, puani, njia ya haja kubwa au sehemu za siri. Inayoanzia kwenye ini lenyewe ni nadra mno, na hakuna kipimo kimoja cha kuithibitisha. Ni mpaka tutafute kwingine kote tukose. Kwetu watu weusi, unyayo hauwezi kurukwa. Mzee mmoja alivua katambuga, tukamwosha vumbi, pakaonekana doa jeusi kisiginoni lenye kingo zilizopinda. Mwenyewe alikuwa akiliita kovu la mwiba.

Semeni pia kama mgonjwa aliwahi kutolewa jicho au kukatwa baka, hata miaka 10 iliyopita. Melanoma ya jicho ikisambaa, huelekea zaidi kwenye ini.

Kuhusu kinyama tunachotoa kwenye uvimbe kwa sindano ili kipimwe: kabla ya sindano tunapima kama damu inaganda vizuri. Sampuli huwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi sampuli, si maji wala spiriti, na chombo huandikwa jina, namba ya faili, tarehe na sehemu ilikotolewa. Isiyo na maelezo hayo haipokelewi, na mgonjwa atachomwa upya. Kwenye hadubini melanoma hufanana na saratani nyingine, hivyo tunaongeza vipimo vya S100, HMB-45 na Melan-A, vinavyosaidia kuitambua melanoma. Kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Majibu anapewa mgonjwa au mtu aliyemridhia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, msitulazimishe kuyasoma kwa simu.

Uvimbe ukiwa sehemu moja na kwingine hakuna kitu, daktari bingwa anaweza kuukata pamoja na ukingo mdogo wa ini lenye afya linalouzunguka. Ini lenye afya likibaki takriban theluthi moja, huongezeka tena. Lililosinyaa kwa makovu halina uwezo huo, ndiyo maana si kila mtu anapasuliwa.

Na hili nalirudia kila kliniki: kisu hakiamshi saratani. Wanaofariki baada ya upasuaji wengi walikuja wamechelewa, tumbo limejaa chale. Hata aliyepasuliwa vizuri anarudi kwa siti skani na kukaguliwa ngozi na macho, maana chanzo kinaweza kujitokeza baadaye.

Akina mama, siku ya kliniki njooni bila rangi ya kucha, na kama mna miadi, hina ya nyayoni isubiri. Vyote viwili vinaficha doa tunalolitafuta.