Lata Mangeshkar na kipaza sauti: jinsi sauti ile ilivyojengwa

Santuri ya wimbo "Aayega Aanewala" wa filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, kwenye karatasi ya katikati ya sahani mwimbaji aliandikwa Kamini. Kamini ni mhusika wa filamu, yule aliyeigizwa na Madhubala. Aliyeimba ni Lata Mangeshkar, mwimbaji wa filamu za India, ambaye alipourekodi wimbo ule hajatimiza miaka 20. Wasikilizaji waliandika redioni kuuliza mwenye sauti ni nani, na ndipo jina lake likatangazwa. Yeye hakuwa wa kwanza kufichwa hivyo. Mwimbaji wa pleibeki, yaani anayeimba wimbo ambao mwigizaji huuchezeshea midomo tu, alihesabiwa kama sehemu ya mwigizaji, na sehemu haitajwi jina.

Mara nyingi husemwa kwamba Lata alizaliwa na sauti, basi, hakuna la kueleza. Mimi sikubali. Kipaji alikuwa nacho, lakini sauti tunayoijua ilijengwa, na ujenzi wake unaweza kuelezwa hatua kwa hatua.

Tuanze na chumba cha kurekodia. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara ya 1931, iliimbwa na waigizaji wenyewe mbele ya kamera, huku wapiga ala wamefichwa nje ya picha. Mwigizaji akigeuza shingo, sauti inampotea. Mwaka 1935 studio ya New Theatres ya Calcutta, katika Dhoop Chhaon iliyoongozwa na Nitin Bose, ilirekodi nyimbo kwanza na kupiga picha baadaye. Tangu hapo uso ukawa wa mtu mmoja na koo la mwingine.

Kazi yenyewe enzi hizo ilikwenda hivi. Mwongozaji anamweleza mtunzi wa muziki hali ya tukio: nani anamwimbia nani, usiku au mchana, kwa furaha au kwa uchungu. Mtunzi anatafuta lahani kwenye hamoniamu, na mara nyingi lahani hutangulia, mshairi akafuata kwa kujaza maneno. Kisha mwimbaji anafundishwa. Lata alikuwa na desturi ya kunakili maneno kwa mkono wake mwenyewe, kwa hati ya Devanagari, hata kama mshairi amemkabidhi karatasi iliyoandikwa vizuri. Baada ya mazoezi, okestra nzima na mwimbaji hurekodi kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho. Fidla moja ikikosea kwenye ubeti wa mwisho, wote wanarudi mwanzo, na mwimbaji aliyekuwa ameimba vizuri kabisa lazima aimbe tena vilevile. Miaka ile ya mwanzo walirekodi usiku, kwenye seti ambazo mchana zilikuwa za kupigia picha, na feni zilizimwa kwa sababu mngurumo wake uliingia kwenye kipaza sauti. Joto la Bombay, Mumbai ya leo, ni lilelile la pwani yetu, kwa hiyo msomaji wa Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa zaidi.

Siku ya kupiga picha, wimbo hupigwa kwa spika na mwigizaji huchezesha midomo. Kamera inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Mashine ya kupigia wimbo ikichelewa kwa asilimia 1 tu, kipande cha sekunde 10 kinaachana na midomo kwa fremu 2 au 3, na jicho hulishika kosa hilo kabla ya sikio. Ndiyo maana katika filamu nyingine za zamani unamwona mwigizaji kama anayekimbizana na maneno. Kosa ni la mashine, si la mwimbaji wala mwigizaji.

Lata alizaliwa Indore tarehe 28 Septemba 1929. Baba yake, Dinanath Mangeshkar, alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa tamthilia za Kimarathi, na ndiye aliyemwanzishia masomo ya muziki. Baba alifariki mwaka 1942. Binti wa miaka 12, mkubwa kati ya ndugu watano, Asha Bhosle akiwa mmoja wao, akawa ndiye anayeilisha nyumba. Aliigiza sehemu ndogondogo asizozipenda, kisha akahamia Bombay mwaka 1945 na kujifunza muziki wa kiasili kwa Ustad Aman Ali Khan.

Mwaka 1947 India iligawanywa, na Noor Jehan, sauti kubwa ya kike ya wakati ule, akaenda Pakistani. Mtunzi Ghulam Haider alimpeleka Lata kwa mtayarishaji Sashadhar Mukherjee, naye akamkataa: sauti nyembamba mno. Haider akampa wimbo katika filamu nyingine, Majboor ya 1948.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wembamba ule ule aliokataliwa nao ndio uliomfaa. Mtindo uliokuwepo ulikuwa wa sauti nzito, ya kifua, iliyozoea kumfikia mtu wa kiti cha mwisho bila kipaza sauti. Kwenye filamu za wakati ule sauti hiyo iligombana na ala, kwa kuwa sauti ya chini ya mwimbaji na ile ya fidla na selo zote zilibanana mahali pamoja. Sauti ya Lata ilikuwa na nguvu sehemu ya juu, takriban kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 4,000, na hapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko popote. Spika za pembe za majumba ya sinema nazo zilipenda eneo hilohilo. Kwa hiyo aliweza kuimba polepole, karibu kama anayenong'ona, na bado akasikika juu ya okestra nzima.

Lakini kuimba karibu na kipaza sauti kuna adhabu yake, nayo ni pumzi. Mwimbaji wa jukwaani anavuta pumzi anavyotaka na hakuna anayesikia. Kwenye kipaza sauti pumzi hiyo inasikika kama kitambaa kinachochanwa. Lata alisema mara nyingi kwamba aliyemfundisha jambo hili ni mtunzi Anil Biswas: wapi pa kuvuta pumzi bila kuukata mstari, na namna ya kugeuza uso kidogo wakati wa kuvuta ili kipaza sauti kisishike. Sikiliza nyimbo zake za miaka ya 1950 kwa spika za masikioni na utafute pumzi. Utazipata chache mno. Anavuta kidogo mwishoni mwa neno, pale ambapo sentensi yenyewe ingepumua hata kama ingesemwa tu, na kamwe si katikati ya neno. Anayejifunza aweke alama za pumzi kwenye karatasi kabla hajaimba. Akisubiri koo limwombe, amechelewa.

Kihindi kinaongeza tatizo jingine. Kina herufi za mpumuo kama bh, ph, th na dh, na kila moja hutupa upepo. Weka kiganja mbele ya mdomo utamke "phool", utausikia. Upepo huo ukipiga kipaza sauti moja kwa moja unatoa mshindo. Dawa ni kuimba ukiwa pembeni kidogo, upepo upite kando.

Katika Mahal alifanya kazi ya umbali kwa miguu. Kipaza sauti kiliwekwa katikati ya chumba, naye akaanza beti za utangulizi akiwa mbali, akikisogelea taratibu huku anaimba, hadi anapofika ndipo kibwagizo kinaanza. Leo fundi angesogeza kitufe. Tofauti inasikika wazi: kitufe hupunguza sauti tu, ilhali umbali wa kweli unaleta na mwangwi wa chumba, na mwangwi huo unapungua kadiri anavyokaribia.

Matamshi nayo yalijengwa. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kimarathi, na nyimbo nyingi ziliandikwa kwa Kiurdu. Mwigizaji Dilip Kumar alimwambia waziwazi kwamba Kiurdu cha watu wa Kimarathi kina harufu ya wali na dengu. Hakununa, alitafuta mwalimu wa Kiurdu. Msomaji wa Kiswahili anaelewa haraka kuliko wengi, maana kha na ghaini anazijua kutoka "kheri" na "ghali". Asiyezizoea hugeuza kha kuwa k na zei kuwa j, na shairi zima linaharibika.

Baadaye mitambo iliruhusu kila mtu kurekodi peke yake. Alipokwenda Chennai kurekodi "Jiya Jale" ya filamu ya Dil Se.. (1998) kwa mtunzi A. R. Rahman, alijikuta kwenye kibanda asichoweza kumwona mtu. Mshairi Gulzar akaketi mahali ambapo wangeonana kupitia kioo. Aliyezoea kuimba kati ya wapiga ala wengi huwategemea kwa tempo na kwa moyo, na ukimya wa kibanda humchosha upesi.

Umaarufu ulizaa pia hesabu zisizoaminika. Kitabu cha rekodi cha Guinness cha 1974 kiliandika kwamba alirekodi nyimbo zisizopungua 25,000 kati ya 1948 na 1974. Mwimbaji mwenzake Mohammed Rafi alipinga, na baadaye ingizo hilo likaondolewa. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya nyimbo 960 kwa mwaka, karibu 3 kila siku bila Jumapili wala mafua. Waliozihesabu nyimbo moja moja kutoka kwenye santuri walipata elfu chache. Hizo elfu chache, zilizorekodiwa kwa namna niliyoieleza, zinatosha kabisa kumheshimu.

Na Rafi huyo huyo ndiye aliyetofautiana naye juu ya fedha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lata alitaka waimbaji wapate mgawo wa mauzo ya santuri. Rafi, mtu mpole na mkarimu, aliona akishalipwa ujira wake deni limekwisha. Wakaacha kuimba pamoja kwa miaka kadhaa. Naona Lata alikuwa na haki, kwa sababu ujira hulipwa mara moja na santuri huuzwa miaka 50. Alipigania hata jina: mwaka 1957 aliombwa aimbe "Rasik Balma" kwenye sherehe za Filmfare, tuzo za filamu za India, akakataa, kwa kuwa wimbo ulipewa tuzo ya mtunzi na mwimbaji hakuwa na tuzo yoyote. Tuzo ya waimbaji ikaanzishwa, na mwaka 1959 wa kwanza kuipata alikuwa yeye, kwa wimbo wa filamu ya Madhumati. Mwanzoni wanaume na wanawake walishindania moja, zilitenganishwa baadaye.

Suala la mgawo lilisubiri zaidi. Marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya India ya mwaka 2012 ndiyo yaliyoandika kwamba mwimbaji anastahili malipo kila sauti yake inapotumiwa kibiashara. Lata alikuwa na miaka 82. Alifariki Mumbai tarehe 6 Februari 2022.