Nyumba ya ufukweni si lazima iwe na gati lake

Kwenye vijiji vidogo vya kando ya maji, vile ambavyo kila jirani ana boti, kuna hii tabia ya madalali na hata wauzaji wenyewe kuandika "nyumba ya ufukweni, ina gati" kana kwamba ni kitu kimoja, alafu mnunuzi naye anaenda kutangaza kwamba amenunua gati. Jamani. Nimeisikia mara nyingi mno sasa.

Haki ya ufukweni, kwa kifupi, ni yale mambo ambayo mwenye ardhi anaruhusiwa kwa sababu tu ardhi yake imegusana na maji: kuyafikia, kupita mpaka kwenye maji marefu, na sehemu nyingi, kuomba kujenga gati. Imeshikana na ardhi yenyewe, kwahiyo kwa kawaida ukiuza nyumba inaondoka nayo. Wanasheria wanatenganisha ya mtoni na ya ziwani au baharini, wana majina tofauti kabisa, ila mnunuzi wa nyumba hilo halimpi shida sana. Basi, maana ndo hiyo.

Shida iko kwenye hilo neno "kuomba", watu wanalisoma kama "kumiliki".

Sakafu ya bahari iliyo chini ya gati lako, yaani lile tope nguzo zilipochomekwa, mara nyingi si yako hata kidogo. Na hili si jambo la juzi, sheria za Kirumi zilizokusanywa chini ya mfalme Justinian mwaka 533 zilishasema bahari ni ya wote na kwa hiyo ufukwe nao ni wa wote, mpaka pale wimbi kubwa la majira ya baridi linapofika. Uingereza leo shirika la Crown Estate linasimamia karibu sakafu yote ya bahari ya England, Wales na Ireland ya Kaskazini mpaka maili 12 za baharini, pamoja na takriban nusu ya ile sehemu inayofunikwa na kufunuliwa na maji. Ukitaka kuchomeka nguzo hapo unaongea nao, haijalishi sebule yako inaangalia wapi.

Marekani ni kila jimbo na lake. Majimbo mengi kiwanja chako kinaishia kwenye wastani wa maji kujaa, na wastani wenyewe si wa wiki moja ya kukaa na rula: kwenye kesi ya mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali upigwe kwa miaka 18.6, maana mwezi unachukua muda huo kumaliza mzunguko wake mmoja mrefu unaovuta maji juu na chini. Kwahiyo mpaka wa uwanja wako wa nyuma umechorwa na mwezi, hamna bikoni. Maine na Massachusetts ni kati ya wanaoenda tofauti, huko mwenye nyumba anamiliki mpaka maji yanapokupwa kwa sababu ya sheria ya kikoloni ya miaka ya 1640, lakini hata hapo watu wengine wanabaki na haki ya kuvua, kuwinda ndege na kupita na vyombo. Ukiwafukuza wewe ndo mwenye kosa.

Alafu mpaka unaohama. Maji yakila ardhi taratibu, mwaka kwa mwaka, mpaka unarudi nyuma na wewe unapoteza. Yakileta mchanga taratibu, unapata. Ila dhoruba ikihamisha ufukwe usiku mmoja, kwa sheria ya Marekani mpaka unabaki pale ulipokuwa. Na serikali ikileta mchanga yenyewe je? Kuna kesi ya Florida iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2010, jimbo lilitaka kuongeza mchanga kwenye fukwe zilizoliwa, wenye nyumba wakalalamika kwamba sasa mbele yao kutakuwa na ukanda wa ufukwe wa serikali na kiwanja chao hakitagusa maji tena. Walishindwa. Hispania ndo walienda mbali zaidi, sheria yao ya pwani ya mwaka 1988 iligeuza nyumba kibao zilizokuwa ndani ya eneo la umma kutoka kuwa mali na kuwa vibali vya muda, mtu anaishi palepale ila hamiliki tena.

Sasa turudi kwenye gati, maana nyumba ikiuzwa hapo ndo watu wanaumia. Gati linaweza kuwa la mwenye nyumba lakini limesimama kwenye sakafu ya kukodi. Linaweza kuwa la chama cha wakazi, na wewe unapewa nafasi kwa mwaka mmoja mmoja, tena kuna foleni, na nafasi ya mwenye nyumba wa zamani hairithiwi na wewe, inaenda kwa aliyetangulia kwenye foleni. Linaweza kuwa na kibali kwa jina la muuzaji ambacho lazima kihamishwe kwa maandishi. Na linaweza kuwa halina kibali kabisa, lilijengwa wikendi moja na shemeji mwenye msumeno, na siku ukitaka kulirefusha ndo mamlaka inakuuliza hili la zamani lilitoka wapi. Kwa jicho yote manne yanafanana, mbao na kamba tu.

Na hata likiwa halali kabisa, bado halijakwambia kama boti yako itakaa hapo. Picha za matangazo hupigwa maji yamejaa, zote, sijawahi kuona tangazo la maji yamekupwa. Nenda siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, saa ya kupwa kabisa, uangalie mwenyewe. Kama boti inahitaji mita moja na nusu na hapo pamebaki nusu mita basi italalia ubavu kwenye tope mara mbili kwa siku, na ukiwasha injini mapema inavuta matope kwenye mfumo wa kupoza. Siku ya maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, haitakuonyesha chochote. Na ukiwa na mlingoti uliza kama kuna daraja kati yako na bahari wazi, kwa sababu kina kwenye ramani kinapimwa maji yakiwa chini na nafasi chini ya daraja inapimwa maji yakiwa juu, kwahiyo namba mbili za ramani moja si za saa moja.

Kwahiyo ndugu dalali, hatukukatazi kusifia. Andika tu "nyumba ya ufukweni, kibali cha gati kipo, kinaisha mwaka fulani, kinahamishika," na kina cha maji yakikupwa. Kama gati ni la chama, sema ni la chama. Na wewe uliyehamia mwezi uliopita, ukiulizwa umenunua nini, sema umenunua nyumba, hayo ya gati subiri kwanza mpaka kibali kisomeke jina lako.