Monster Reborn haifufui kila kitu

Wanangu wa Mombasa mnaocheza karata za Yu-Gi-Oh, hii ya kusema eti karata ya Monster Reborn yafufua zimwi lolote lililo makaburini (rundo la karata zilizokwisha kutumika au kulipuliwa) si kweli, na ndo yaleta makelele kila mechi. Zimwi la Sinkro kama Stardust Dragon, leveli 8, makao yake ni Ekstra Deki, ile deki ya pembeni ya mazimwi maalumu, kwa hivyo lazima kwanza lisamoniwe (liitwe uwanjani) kisawasawa, yaani utoe zimwi la aina ya tyuna pamoja na jengine moja au zaidi lisilo tyuna, leveli zao ukijumlisha ziwe 8 kamili, mathalan 3 na 5, ndo likifa waweza kulirudisha. Ukilitupa makaburini moja kwa moja kutoka Ekstra Deki basi limekwisha hilo, Reborn hailigusi.

Hapa ndo wengi huteleza: mwenzio akikupiga Solemn Judgment, karata ya kukata samoni, wakati walisamoni, samoni imekatwa, yahesabiwa haikutokea, halifufuki ng'o. Lakini likishakanyaga uwanja halafu likalipuliwa, hapo sawa, lete Reborn yako. Likirudishwa Ekstra Deki waanza upya, wala usilie. Mazimwi ya aina za Fusheni, Xyz na Linki ni hivyo hivyo, hata ya Richuali, japo hayo ya Richuali yakaa deki ya kawaida.