MHz kubwa sio lazima RAM iwe na kasi zaidi

Jamani hii ya kusema ukipandisha MHz za RAM lazima mashine ikimbie si kweli, watu wanatoka 6000 wanaenda 6600 halafu gemu linaanza kukwamakwama wanalalamika eti wameuziwa RAM feki. Feki wapi! Kwenye Ryzen 7000 (prosesa za AMD) kontrola ya RAM, yaani sehemu inayoiendesha RAM, iko ndani ya prosesa, na ukishapita 6000 bodi (motherboard) nyingi zikiwa kwenye Auto zinaishusha hiyo kontrola ifanye kazi kwa nusu ya spidi ya RAM yenyewe. Fungua ZenTimings (programu inayoonyesha spidi za RAM) uangalie MCLK (spidi ya RAM) na UCLK (spidi ya kontrola): zote zikisoma 3000 uko poa, ukikuta 3300 na 1650 basi mchawi wako ndo huyo (na usishtuke kuona 3000 badala ya 6000, RAM hizi za DDR zinatuma data mara mbili kila mzunguko). Halafu kuna CL (idadi ya mizunguko RAM inayosubiri kabla ya kujibu), hii wengi hata hawaiangalii, chukua CL zidisha kwa 2000 ugawe kwa spidi: 6000 CL30 unapata nanosekunde 10, 6600 CL40 inafika 12.1, yaani namba kubwa ila inachelewa kujibu. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi unayoifungua mashine inapowaka) uweke UCLK=MCLK, ikigoma kuwaka rudi 6000 ubane CL iwe ndogo.